Kambakochi Hachinjwi

Nilisema ndiyo kabla meneja hajamaliza kueleza. Lau ningepewa ruhusa ya kulimeza neno moja tu katika yote niliyoyasema tangu nilipojua kusema, ningelimeza lile.

Ilikuwa asubuhi, katika mkahawa wetu mdogo ulioko chini ya nyumba tuliyoachiwa na baba, Mji Mkongwe. Watu walikuwa wakinywa chai na maandazi. Meneja wa hoteli moja ya kando ya bahari aliingia, akanikuta nimesimama mlangoni mwa jiko, aproni kifuani na mwiko mkononi, akaniuliza, "Yule mpishi yuko wapi?"

Yule mpishi alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kukuna nazi na kulichuja tui. Mimi ndiye niliyemwachia kiti changu jikoni akiwa mtoto, ili afike kwenye meza. Sasa nilikuwa nimesimama pale na mwiko wangu, na mtu ananipita kwa macho kama ninazuia njia. Nikamwita.

Meneja akaeleza haja yake. Wageni wake walitaka kambakochi, wale kamba wakubwa wa mawe wenye pembe ndefu kama fimbo, wapikwe bustanini mbele yao. Sufuria kubwa, maji yanachemka, kamba anatiwa akiwa hai.

"Wanataka kumwona anatikisika," alisema. "Akitikisika ndipo wanapojua kuwa ni wa leo."

"Nitakupikia utakavyo," mdogo wangu akajibu. "Wa nazi, wa ukwaju, wa kuchoma. Lakini kumtia kiumbe hai kwenye maji ya moto ili watu watazame, hilo mie sifanyi."

Meneja akanigeukia mimi. "Na wewe mzee? Au nawe huwezi?"

Mdogo wangu alinishika mkono, taratibu, kama alivyonishika siku tulipomzika baba. "Kaka, nakuomba. Tukatae sote wawili. Akiona tumekataa wawili atabadilisha shauri lake."

Hapo ndipo niliposema ndiyo. Nilisema kwa sababu yeye alisema hapana.

Inafaa nieleze wivu ulionisemesha ndiyo ile ulitoka wapi, maana haukuzaliwa asubuhi ile.

Mdogo wangu alikaa nje miaka mingi akipika kwenye meli na kwenye mahoteli ya watu. Alirudi Unguja watalii walipoanza kurejea baada ya korona, hana mke, mali yake sanduku moja la nguo na mfuko wa visu. Nilimpa chumba cha juu. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Magoti yangu yalikuwa yameanza kunisaliti na nilihitaji mtu wa kusimama jikoni.

Siku ya kwanza niliyoleta kambakochi kutoka mnadani, alinitazama nikiwapika kwa namna yangu. Namna yangu ilikuwa hii: nachemsha maji, nawatia, nafunika, juu ya kifuniko naweka jiwe la kusagia. Kisha nakwenda kukaa barazani. Kambakochi akishikwa hutoa mkwaruzo, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Ndani ya sufuria mkwaruzo huo hausikiki sana, kinachosikika ni mkia unaopiga ubavuni mwa sufuria. Kule barazani hausikiki hata huo. Nikirudi hukuta kimya, na miguu kadhaa imekatika yenyewe inaelea juu.

Siku ya pili mdogo wangu alijaza deli, lile sanduku la kuwekea barafu, maji ya bahari na barafu, akawalaza humo kambakochi wote, akafunika. Alisubiri. Kila mara alifunua akagusa jicho la mmoja kwa ncha ya kidole. Jicho lilipoacha kujirudisha ndani, alimtoa, akamweka juu ya ubao, akasema Bismillahi, akateremsha kisu katikati ya kichwa mpaka kwenye mkia kwa pigo moja. Baadaye tu ndipo alipowasha moto.

Mke wangu alikuwa hajapata kumgusa kambakochi tangu nimuoe. Alikuwa akisikia mkwaruzo ule hupanda juu, hufunga madirisha. Sasa alianza kushuka. Siku moja nilikuwa nateremka ngazi, magoti yananiuma, nikawasikia.

"Shemegi, njoo umshike. Huyu keshalala."

"Nimshike akaamka?"

"Akiamka atakuomba radhi kwa kelele za miaka yote."

"Anayeniamsha mie kwa kelele si kamba," mke wangu akasema. "Ni kakako anapokoroma."

"Basi naye tumtie kwenye deli."

"Hatoingia, tumbo halienei!"

Walicheka mpaka mmoja wao akapiga meza. Nilibaki pale kwenye ngazi, mkono kwenye kamba ya kujishikia, sijui nishuke au nirudi juu.

Kwetu shemegi ana haki ya utani. Ataitwa mwizi, mlafi, mvivu, naye atajibu, na hakuna anayekasirika. Mume hawezi kwenda kwa kadhi akashitaki kwamba mke wangu amecheka na shemegi yake. Watamcheka yeye. Na mimi nilijua vizuri, wakati ule kama ninavyojua leo, kwamba hapakuwa na jambo baya baina yao. Mdogo wangu hakumwangalia mke wangu kwa jicho la namna ile hata mara moja. Wivu wangu haukuwa wa kitanda. Ulikuwa wa kicheko. Mwanamke yule alikuwa akinipikia, akinifulia, akinikumbusha dawa zangu za presha, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba ana kicheko cha kupiga meza. Akaja mtu na deli la barafu akakitoa.

Kisha wateja nao wakaanza. "Siku hizi kamba wenu laini." "Siku hizi miguu yote ipo." Mzee mmoja wa mtaani, mla watu kwa ulimi, alinikalia mbele ya uso wangu akala, akajifuta, akasema, "Kumbe miaka yote ulikuwa unatulisha raba." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa ningefanya nini?

Basi nikatafuta pa kumshindia. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, yeye skuli aliiacha njiani. Jioni moja tulipokuwa tunakula ndani, sote watatu, nikaanza mhadhara. Nikawaambia kwamba mdudu wa namna ile hana akili ya kujua maumivu. Anajirusha tu. Mwalimu wetu wa bayolojia alitupasulia chura, akamgusa mguu kwa waya wa betri, mguu ukaruka, na chura mwenyewe alikuwa amekufa zamani. "Kuruka si kuumia," nikasema, na nilijisikia msomi.

Mke wangu aliendelea kuchambua mwiba kwenye samaki. "Chura wenu alikuwa kafa," akasema. "Huyu yuhai."

"Ni kitu kimoja."

"Haya. Kama haumii, mbona ukishaweka jiwe unakwenda barazani?"

"Joto."

"Joto lipo hata kwenye wali. Mbona kwenye wali hutoki?"

Mdogo wangu aliinamisha uso ili nisione kwamba anatabasamu. Niliona. Na kwa kuwa niliona, sikulijibu swali. Lakini jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa natoka kwa sababu nilikuwa nawasikia. Nilianza kutoka tangu ujana wangu, siku ya kwanza niliyoachiwa sufuria peke yangu, na sikumwambia mtu.

Mdogo wangu, alipoona nimenyamaza, alitaka kuniokoa. Ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyokuwa ikiniudhi kuliko zote. "Kaka, hata mie sijui anaumia vipi," alisema. "Huko nilikopita wamo wasomi wanaosema anaumia na wamo wanaosema hapana. Ziko nchi zimekataza kumchemsha akiwa hai, ziko ambazo hazijali. Mie nafanya hesabu ya kijinga tu. Kama haumii, nimepoteza barafu. Kama anaumia, nimepoteza nini nikimchemsha?"

"Barafu nayo ni pesa," nikasema.

"Ni kweli, kaka."

Alikubali hivyo hivyo, kwa upole, na nikabaki na ushindi usio na ladha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilimfuata sheikh wa msikiti wetu. Nilikuwa nimelipanga swali langu tangu Alhamisi, nimelipunguza upande huu na ule mpaka likabaki lile nililolitaka. Nikamuuliza, "Sheikh, kambakochi anachinjwa?"

"Hachinjwi," akasema. "Kiumbe cha bahari hakina haja ya kuchinjwa." Kisha akainua kidole, akasema, "Lakini..."

Nami nikamshukuru, nikambusu mkono, nikainuka.

Ile lakini yake naijua. Yeyote aliyepitia chuo cha Kurani utotoni anaijua. Tulifundishwa kwamba anayechinja anoe kisu chake, asimnolee mnyama mbele ya macho, asimcheleweshee roho. Tulifundishwa upole hata kwa kile tunachokwenda kukila. Lakini mimi nilitaka neno moja tu la kupeleka nyumbani, na nililipata. Nilitembea vichochoroni kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimemuuliza sheikh," nilitangaza hata kabla ya kuvua viatu. "Kambakochi hachinjwi!"

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. "Umeuliza kama anachinjwa," akasema. "Kuumia umeuliza?"

"Mke wangu, usilete falsafa."

"Mie sina hata skuli ya kuletea falsafa. Nimekuuliza tu."

Mdogo wangu alikuwa kwenye ua anaosha deli. "Kaka, hakuna aliyesema haramu," alisema. "Mie mwenyewe namla na namshukuru Mungu. Nasema tumuue kwanza, ndo tumpike. Basi."

Basi. Kwake lilikuwa jambo la kumalizika kwa basi. Kwangu kila deli la barafu lilikuwa linasema kwamba miaka yangu yote jikoni ilikuwa ya ujinga na ukatili, na kwamba mwenye nyumba hii, mwenye mkahawa huu, mume wa mwanamke huyu, amekuja kusahihishwa na mtoto aliyembeba mgongoni.

Ndipo akaja meneja na haja yake, na mimi nikasema ndiyo.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri. Hoteli iliniwekea jiko la gesi bustanini na sufuria ya shughuli, ile ya kupikia pilau la harusi. Nilivaa kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi kama walivyoniambia. Wageni walizunguka, simu juu. Kambakochi walikuwa kwenye tenga kubwa lenye magunia yaliyoloweshwa, wanakwaruza wote kwa pamoja. Hapakuwa na baraza ya kukimbilia. Nilitakiwa nisimame pale pale, nitabasamu.

Wa kwanza nilimtia, mkia ukapiga, maji yakaruka, watu wakapiga kelele za kufurahi. Wa pili vilevile. Mama mmoja mgeni aligeuza uso akaondoka zake kuelekea ufukweni. Nilimwona, nikajifanya sikumwona. Wa tatu alijikunja alipoguswa na maji, akaupata ukingo wa sufuria kwa miguu yake, akajivuta. Nusu ya mwili ilikuwa nje. Pembe zake zilikuwa zinatafuta hewani huku na huku. Kwa muda mfupi mimi na yeye tulitazamana, ikiwa yule anatazama.

Nikamsukuma ndani kwa mwiko. Na kwa Kiingereza changu cha skuli nikawaambia wageni, "Subirini, bado hajamaliza kuoga."

Bustani nzima ikacheka. Nami nikacheka nao. Nisiseme uongo: nilisikia raha. Kwa muda mrefu ilikuwa zamu ya mwingine kuchekesha watu, na sasa walikuwa wanacheka kwa maneno yangu. Nikarudia ule mzaha kwa kamba wa nne, nikauongezea mbwembwe za mkono.

Nilipoinua macho mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya wageni, buibui lake limeshikwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili una kijaluba changu cha dawa za presha. Nilikuwa nimezisahau nyumbani. Amekuja kwa miguu kuniletea. Sikujua amesimama pale tangu lini, lakini nilijua kwa uso wake kwamba ameuona ule mzaha, na kwamba hakuona mtu asiyejua. Aliona mtu anayejua kwamba wanaumia.

Aliweka dawa juu ya meza ya sahani, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nimejiandaa kwa ugomvi. Haukuwepo. Mke wangu alikuwa juu. Mdogo wangu alikuwa jikoni anafunga, na mimi, kwa kuwa hakuna aliyenishambulia, nikaanza mwenyewe.

"Wamefurahi sana," nikasema. "Wataniita tena. Umejikosesha."

"Mungu akuzidishie, kaka."

"Huna la kusema?"

Alikausha kisu alichokuwa nacho, akakiweka. "Nikuulize moja. Umefanya kwa kuwa unaamini hawaumii, au kwa kuwa mie nlikataa?"

Hata pale nafasi ilikuwepo. Ningekaa kwenye kigoda, nikamwambia kwamba nawasikia tangu ujana wangu, kwamba namwonea wivu yeye na deli lake na kicheko cha shemegi yake, na nina hakika angenimiminia kahawa, angenitania, ikaisha. Badala yake nikasema, "Nyumba hii mkubwa ni mimi. Asiyependa ninavyopika, mlango anaujua."

"Naam, kaka," akasema.

Hakuondoka kwa hasira. Alingoja mpaka nikapata mtu wa kunisaidia jikoni, kisha akahamia Kiembe Samaki kwa rafiki yake. Huko alipanga kibanda karibu na barabara, akafungua mkahawa wake, akaoa. Kambakochi hawapiki, anasema huko hakuna wateja wake. Anapika samaki na pweza, na nasikia watu hutoka mjini kumfuata.

Hoteli iliniita mara chache, kisha meneja akaja kuniambia kwamba wageni wengine wamelalamika, wameandika maneno mabaya kwenye mtandao, afadhali tuache. Alizungumza kama vile shauri lile lilikuwa langu. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyelikubali.

Siku moja, mke wangu akiwa msibani na mkahawa umefungwa, nilinunua kambakochi mmoja. Nikajaza deli maji ya bahari na barafu, nikamlaza, nikasubiri, nikagusa jicho. Lilipotulia nikasema Bismillahi, nikateremsha kisu. Hakukuwa na mkwaruzo wala kipigo. Ilikuwa kazi nyepesi, hata kwa mikono yangu hii ya kizee. Ningeweza kuijifunza siku ile ya kwanza, kwa kusema tu, "Hebu nionyeshe." Sikumla. Nilimpelekea jirani, na tangu siku hiyo kambakochi hawaingii jikoni kwangu kwa namna yoyote.

Leo mtu akiniuliza, namjibu bila ya sheikh na bila ya chura. Naamini wanaumia. Siwezi kuthibitisha, lakini mtu hakimbilii barazani kwa jambo asilolijua.

Wivu nao haukuondoka na mdogo wangu, kama nilivyodhani. Ulimfuata kule kule. Wakati mmoja nilipita Kiembe Samaki, nikamwona kwa mbali anamtania kijana wake wa jikoni, wote wawili wameinama kwa kucheka, nami nikamwonea wivu yule kijana ambaye hata simjui. Uzee haukunisaidia kitu katika hilo.

Kila Idi anakuja. Anaingia, anainama, "Shikamoo, kaka." Namjibu, "Marahaba." Ananiuliza hali ya magoti. Namuuliza hali ya biashara. Mke wangu anamletea kahawa na halua, anamwambia, "Karibu," naye anasema, "Ahsante." Hakuna mlafi, hakuna mwizi, hakuna anayemtia mwenzake kwenye deli. Idi moja nilijaribu mwenyewe. Nilisema, "Shemegio huyu siku hizi mvivu, hata kahawa kaipika baridi." Walinitazama wote wawili, kwa adabu. Mke wangu akachukua birika kwenda kuitia moto tena, na mdogo wangu akamaliza kikombe chake, akaaga.

Nilitaka kicheko chao kiishe, kikaisha. Ile ndiyo niliyomjibu meneja ilinigharimu ndugu yangu wa pekee, ambaye yu hai, anaishi karibu, na ananiheshimu kama mgeni. Ikanigharimu na mke wangu pia: tunakaa nyumba moja, hajapata kunigombeza kwa ajili ya siku ile, na hajacheka tena mbele yangu.